Nani Hakuitwa Makka?

Kina mama wa Rexdale wana itikadi moja ambayo sijasikia mtu akiipinga, si msikitini wala arusini: haendi Makka ila aliyeitwa. Mtu akipungukiwa nauli, hajaitwa. Akinyimwa likizo kazini, hajaitwa. Mwaka 2022, hija ilipofunguliwa tena kwa wageni baada ya korona, sisi wa nchi za Magharibi tuliambiwa tuachane na mawakala wetu wa siku zote, tujiandikishe kwenye mtandao wa Motawif, na majina yachaguliwe kwa kura ya kompyuta. Langu halikutoka. Jirani yangu akagonga mlango na bakuli la sambusa kuja kunipa pole. "Usijitie unyonge, dada. Siku yako bado. Hujaitwa."

Nilimshukuru, na sambusa zilikuwa tamu. Lakini usiku ule kazini maneno yake hayakunitoka. Kura ile ilichezeshwa na mashine, na mashine iliwekewa masharti na watu: mtu awe chini ya miaka 65, awe amechanjwa. Mzee wa miaka 66 aliyejinyima tangu ujanani, jina lake lilikatwa na Mungu au na karani?

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa, mjane, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao huku Rexdale, pembe ya kaskazini-magharibi ya Toronto. Mtaa huu ulipewa jina la mjenzi aliyeuanzisha miaka ya 1950, Rex Heslop. Leo ukipita Albion Road utasikia Kisomali, Kipunjabi, Kigujarati, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili cha Mombasa, cha Goma na cha Barawa. Uwanja wa ndege wa Pearson uko jirani. Ndege hutupitia chini chini hadi glasi za dawa hutetemeka kwenye sinia, na mimi katika zamu za usiku nilizoea kuzitazama nikijiuliza ipi inatoka Jedda.

Kwetu Kibokoni Al-Kaaba ilikuwa ya mahameli, imetundikwa sebuleni juu ya redio, nyuzi zake za dhahabu zimefifia upande mmoja kwa kupanguswa na leso ya bibi. Wapo wanaoota Paris. Mimi niliota pale. Nilikuwa nikicheza mchezo na wenzangu kumi wa hapa, kila mwezi fedha kwa mmoja, na zamu yangu ilipofika nilijua zinakwenda wapi. Kila mara likatokea jambo: ugonjwa wa marehemu mume wangu, kisha mazishi, kisha Februari 2020 umra, ile ziara ndogo ya Makka, ikafungwa kwa wageni kwa ajili ya korona.

Itikadi ya wito haikuzuka hewani. Kurani inaeleza kwamba Ibrahim aliamrishwa awatangazie watu hija, nao watamjia kwa miguu na juu ya wanyama waliokonda kwa safari. Wafasiri wakaongeza kwamba sauti yake iliwafikia hata waliokuwa bado migongoni mwa baba zao, na kila aliyeitikia siku ile ndiye atakayefika. Bibi yangu alitusimulia hivyo, na mimi nilijilaza nikijaribu kukumbuka kama niliitikia. Ni simulizi nzuri mno kwa mtoto. Kwa mtu mzima ina ubaya wake, kwa sababu aliyekwenda hujiona teule, na aliyebaki hubaki akijichunguza ana dhambi gani.

Tena aya yenyewe, nionavyo mimi, inasema tangazo ni kwa watu, bila kuwachambua. Na pale hija inapofanywa wajibu, katika sura ya Aali Imran, sharti linalowekwa ni kuweza njia. Mafakihi walikaa karne nyingi wakieleza njia hiyo ni nini: masurufu ya kwenda na kurudi, kipando, usalama, afya, na chakula cha unaowaacha nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeorodhesha utakatifu. Asiyekuwa na njia hana lawama, basi, na wala hakuambiwa kwamba alisahauliwa.

Sasa nitazame njia zilivyogawanywa duniani. Mwaka 2018 Kanada na Saudia ziligombana kwa sababu ya ujumbe wa Twitter kuhusu wanaharakati waliofungwa. Balozi wa Kanada akafukuzwa, na Agosti hiyo ndege za Saudia zikaacha kutua Toronto. Wenye tiketi mkononi wakahangaika kutafuta njia nyingine. Uhusiano haukurudi hadi 2023. Je, Ibrahim naye alisoma Twitter?

Na jambo lililonivunja kabisa ni dada yangu. Tumetoka tumbo moja. Yeye amebaki Mombasa, anasomesha watoto chuoni, hapitishi wiki bila kufunga Jumatatu na Alhamisi, na akisoma Yasini hata paka hutulia. Mimi nimemzidi kitu kimoja tu: kitabu kidogo cha buluu chenye nembo ya Kanada. Tangu Septemba 2019 Saudia inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi kadhaa, Kanada ikiwemo, na viza hiyo yafaa kwa umra nje ya msimu wa hija. Hija iliponikosa nikageukia umra: viza niliiomba kwa simu wakati wa mapumziko ya chakula, na kabla zamu haijaisha ilikuwa imeshakuja. Dada yangu, kwa safari hiyohiyo, alihitaji wakala, amana, na subira. Nikimwambia "mimi nimeitwa", nitakuwa nimemsingizia Mola kazi ya ofisi ya uhamiaji.

Likazuka la pili: naenda na nani? Mume sina, mwanangu wa kiume yuko Alberta na kazi haimpi nafasi. Oktoba 2022 Waziri wa Hija wa Saudia, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza akiwa Cairo kwamba mwanamke anaweza kuja bila maharimu, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa. Hapa Rexdale tangazo hilo halikumaliza ubishi, likauchochea. Safu za msikiti wetu zimejaa Mahanafi wa Pakistani na Guyana, na kwao safari ndefu ya mwanamke bila maharimu haifai, kwa kushika hadithi ya Mtume inayoikataza. Sisi wa pwani ni Mashafii. Kwetu umra mara moja maishani ni faradhi kama hija, kwa kauli yenye nguvu, na kwa safari ya faradhi wanazuoni wetu walimruhusu mwanamke afuatane na wanawake waaminifu. Wako waliosema hata peke yake, njia ikiwa na amani. Wao nao wana hadithi yao, ile ya Adi bin Hatim, ambapo Mtume alimtabiria kwamba mwanamke atasafiri kutoka Hira hadi azunguke Al-Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Dada mmoja aliniuliza mbele za watu kama sioni haya. Nilimjibu kwamba nilikuja Kanada peke yangu, katika baridi ya Januari, kutafuta riziki, na hakuna aliyeniuliza maharimu wangu yuko wapi.

Basi nikaenda. Istanbul nikatia nia mapema, nisipitwe angani na mikati, mpaka wa kutia nia. Vazi la ihramu la mwanamke ni nguo zake mwenyewe, uso wazi. Nilivaa buibui, na ndani yake leso ya bibi. Jedda nikapanda treni ya Haramain palepale uwanjani.

Kuhusu kuiona Al-Kaaba mara ya kwanza sitasema sana, limeshasemwa na wengi kwa ufasaha kuliko wangu. Nilichogundua ni adha ndogo za mtu pekee. Wanawake wa Indonesia walitufu kwa vikundi, mitandio ya rangi moja, kiongozi wao akiinua mwavuli mdogo. Mimi sikuwa na wa kumuuliza "hii ya nne au ya tano?", nikawa nasogeza punje za tasbihi kidoleni. Hapakuwa na wa kunishikia viatu. Na niliomba dua kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyenijua.

Kilichonipindua akili kilikuwa kwenye sai. Kutoka Safa hadi Marwa ni kama mita 450, na mtu huenda na kurudi hadi zitimie mara saba. Sehemu moja ya njia ina taa za kijani, na hapo ndipo, kwa mujibu wa sharia, mwanamume hukimbia mbio nyepesi. Mwanamke hutembea. Nilisimama kando ya nguzo nikatazama: mzee mnene wa Kituruki anakimbia, simu mkononi, jasho linamtiririka, mkewe anatembea nyuma yake kwa heshima zote. Halafu nikakumbuka tunamwiga nani. Hajiri. Aliyekimbia bondeni hapa alikuwa mwanamke, mtoto wake mchanga analia kwa kiu, mumewe ameondoka. Wanazuoni wana hoja yao, kwamba mbio humvua mwanamke sitara, nami sikukimbia. Lakini nilitembea kwa haraka ya mtu anayewahi basi namba 37 la Islington, na kama kuna malaika aliyeandika hilo, ataandika na sababu yake.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo kura ya Motawif ilinitia mashaka nalo. Hajiri aliitwa lini? Ukifuata masimulizi kwa mpangilio wake, Ibrahim alimwacha bondeni na Ismail akiwa wa kunyonya. Nyumba ya Al-Kaaba iliinuliwa baadaye, Ismail akiwa mtu mzima anayemsaidia baba yake kupanga mawe. Tangazo likafuata baada ya nyumba. Kwa hiyo nguzo hii tuitimizayo iliasisiwa na mtu aliyefika kabla ya wito, ambaye hakuchagua kuja, aliyeletwa kwa uamuzi wa mwingine akaachwa. Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyomo kwa Bukhari, alimuuliza mumewe kama Mungu ndiye aliyemwamuru. Alipoambiwa ndiyo, akasema, "Basi hatatupoteza." Kisha akaanza kutafuta maji kwa miguu yake. Kama kupata mwaliko ndicho kipimo, yeye hana. Na mamilioni wanafuata nyayo zake, na wafalme wamo, kila mmoja akiwa na viza yake.

Pale Marwa nilihitaji kukata ncha ya nywele ili nitoke katika ihramu. Mama mmoja wa Kihausa, mikono imejaa hina, aliniona nimekamata msuko wangu kama mtu anayepima kitambaa. Akatoa mkasi mdogo mkobani, akanivutia ukutani, akanisitiri kwa mwili wake, akakata urefu wa ncha ya kidole. Hakujua Kiswahili, nami Kihausa changu ni "sannu" tu. Alinirudishia zile nywele kiganjani, akajipigapiga kifua, akaenda zake.

Siku zilizofuata nilikuwa na kazi ya mtu mwingine. Rexdale nina bibi wa Kibarawa, tunaelewana yeye akisema Chimwini chake na mimi Kimvita changu. Kabla ya vita vya 1991 alikuwa ameshauza bangili zake kwa ajili ya hija. Fedha zile ziliwatoa watoto wake Somalia. Sasa magoti hayamchukui hadi lifti. Madhehebu yetu yanasema asiyeweza kwa mwili, naye hatarajii kupona, hutumiwa mtu badala yake, na asili yake ni mwanamke wa Khath'am aliyemuuliza Mtume kuhusu baba yake asiyeweza kukaa juu ya kipando, akaambiwa amhijie. Sharti, anayetumwa awe ameshajifanyia yake. Yangu nilishaimaliza. Nikachukua teksi hadi Tan'im, kwenye msikiti wa Aisha, nikahirimia kwa jina lake, nikarudi kumtufia. Dereva, kijana wa Kibangladeshi, aliniambia anaishi Makka na hajapata kuhiji. Msimu wa hija ndio msimu wa kazi. Sikumwambia kwamba hajaitwa.

Bibi nilipomweleza hakunipongeza. Alitaka kujua kama nilipita kwa haraka kwenye taa za kijani, kwa kuwa umra ni yake na yeye angependa ipitwe taratibu.

Sasa niko kwenye hesabu nyingine. Mchezo umenifikia tena. Kaka yangu anasema fedha hizi ni za hija yangu, kwamba ni faradhi shingoni mwangu, na mauti hayangoji. Imamu Shafii anasema hija ni wajibu wenye nafasi: mwenye uwezo anaweza kuichelewesha akiwa na azma. Kaka amenikumbusha sehemu ya pili, nayo ni kweli, kwamba mwenye uwezo akifa kabla ya kuhiji ana dhambi. Jirani yangu wa sambusa ameshaamua: nimeitwa mara ya pili, nisiache. Wakala wa Mombasa anataka amana kwa ajili ya umra ya dada yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeshaituma.