Madoa ya Mzee Wetu



Hili nimeshaliungama kwa padre, lakini naona niwaambie na ninyi. Kwenye jumuiya yetu hapa Mji Mkongwe kuna mzee aliyetokwa na madoa ya zambarau miguuni. Jumapili moja pale Minara Miwili, wakati wa kutakiana amani, alinigeukia. Nikajifanya namtafuta mtu nyuma. Kichwani nilishamaliza kesi: huyu ana ule ugonjwa, kajitakia mwenyewe.

Miezi baadaye akaniomba nimbebee begi mpaka bandarini Malindi, anavuka kwenda Ocean Road, Dar. Njiani akaniambia, "Mwanangu, walinikata kinyama wakakipima. Ni saratani ya Kaposi. VVU sina." Jamani, nilipumua! Nikamshika mkono palepale.

Usiku nikasoma. Saratani hii ya tishu laini huanzia kwenye seli za ndani ya mishipa ya damu na limfu. Daktari Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna mwaka 1872, na Afrika Mashariki ilikuwepo hata kabla ya UKIMWI. Mwaka 1994 Yuan Chang na mumewe Patrick Moore walilinganisha vinasaba vya uvimbe na vya nyama nzima ya mgonjwa yuleyule. Kwenye uvimbe wakakuta vipande vya ziada, vya kirusi ambacho leo kinaitwa HHV-8. Kinapita hata kwa mate, na huku kwetu Afrika wengi hukipata utotoni. Wengi wao hawaugui, ila kinga ikishuka, kama kwa mwenye VVU, hatari inapanda sana.

Ningeweza kuishia hapo: sayansi imemsafisha mzee. Lakini kuna swali lilininyima usingizi. Je, majibu yangekuwa mengine, ningemwachia begi lake? Kumbe sikumpenda. Nilimkubali tu baada ya kushinda kesi niliyoifungua mimi.

Kwenye Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi wanauliza kipofu yule kaponzwa na dhambi ya nani. Yesu anajibu kwamba si yake wala ya wazazi wake, kisha anamponya. Sawa. Ila sura ya 8 yuko mwanamke ambaye kosa lake linajulikana kabisa, na bado Yesu hamhukumu. Anamwambia aende, asitende dhambi tena. Kwa hiyo huruma haisubiri majibu ya maabara.

Watafiti waliuliza chanzo ili watibu. Mimi niliuliza chanzo ili nikae mbali. Tulitafuta kitu kimoja kwa mioyo miwili tofauti.

Mzee anaendelea na dawa. Hajui nilichomwazia, na Jumapili hii nitakaa benchi lake, nimwambie. Naogopa kweli. Na wewe, ni mkono wa nani umeukwepa kanisani? Anza na huo.

Tuombeane.