Siri ya Nyumba

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maana yake ni wazi: mambo ya nyumba huyajua walio ndani, na aliye nje hana haki ya kuyachungulia. Basi mume na mke wanapokosana, huzuka swali zito. Je, ni halali kwao kulichukua neno la chumbani na kulitua mbele ya mtu wasiyemjua, asiye ndugu wala jirani, wakamwomba msaada? Wako wasemao kwamba kufanya hivyo ni kujivua nguo hadharani. Wako wengine wajibuo kwamba mficha uchi hazai. Methali zote mbili tumerithi kwa wazee wetu, na kila moja yaonekana kuwa ya kweli. Yafaa tuzipime.

Kwanza tuondoe kosa moja. Si kweli kwamba zamani siri ya nyumba haikutoka nje. Ndoa ilikuwa agano la jamaa mbili, si la watu wawili tu. Wazee waliopokea mahari ndio walioitwa nyumba ilipotikisika. Kwa Waislamu, Kurani katika Sura ya Nne yaagiza kwamba mume na mke wakihofiwa kutengana, atumwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wakristo nao huenda kwa mchungaji au padri. Kwa hiyo siri ilitoka tangu zamani. Tofauti ni kwamba ilitoka kwa watu wanaojulikana, katika njia inayojulikana.

Mji umeivunja njia hiyo. Katika Nairobi, mume amepanga nyumba Kangemi au Kawangware, au akipata neema, Kileleshwa au Lavington. Mjomba wake yuko Kakamega, na shangazi wa mkewe yuko Machakos. Jirani anashiriki nao ukuta, lakini jina lake hawalijui. Watu wa namna hii wakikosana, nani awaamue? Haja hiyo ndiyo iliyozaa kazi ya ushauri nasaha. Kituo cha ushauri cha Amani kilianzishwa jijini mwaka 1979, nacho pia hufundisha washauri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na yatoa nafasi ya upatanisho kabla ya hukumu ya talaka. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, ili kazi hiyo isifanywe na kila mwenye ulimi. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Milimani ilianza, kwa majaribio, kupeleka baadhi ya kesi za jamaa na za biashara kwa wapatanishi.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nitoe ushahidi wangu mwenyewe, ingawa si wa kujisifia. Miaka michache iliyopita mimi na mke wangu tulikosana kwa ajili ya fedha. Nilikuwa nikiwapelekea wazazi wangu sehemu ya mshahara bila kumwambia, nikidhani kwamba wema hauombi ruhusa. Alipogundua, tulitamkiana maneno ambayo sipendi kuyarudia. Nikawaita baba zangu wadogo, wakasafiri usiku kucha kwa basi. Walinisikiliza mimi kwanza, tena kwa kirefu. Wakamsikiliza yeye baadaye, tena kwa kifupi. Wakaamua kwamba mke awe na subira na mume awe na uangalifu. Nilifurahi, maana nilidhani nimeshinda. Lakini tangu jioni ile nyumba yetu ikawa kama shule siku za likizo: kuta zipo, sauti hakuna.

Mke wangu ndiye aliyesema twende kwa mshauri. Nilipanda ngazi za jengo moja karibu na Barabara ya Ngong huku nikitazama nyuma, nisije nikaonwa na mwanafunzi wangu. Tulimkuta mama mtulivu. Hakuuliza nani ana kosa. Alimwomba mke wangu aseme yaliyo moyoni mwake kwa dakika tano, kisha akaniomba niyarudie maneno yake kabla ya kuyajibu. Sikuweza. Dakika zote tano nilikuwa nikitunga majibu. Mimi, ambaye kila siku nawaambia wanafunzi warudie niliyosema, nilishindwa na zoezi la darasa la kwanza! Ilinibidi nimwombe mke wangu aseme mara ya pili. Ndipo nilipotambua kwamba hakulalamikia fedha walizopata wazazi wangu. Alilalamika kwamba aliishi nyumbani mwake kama mpangaji asiyeambiwa kitu. Hatujaacha kuwasaidia wazazi wangu, wala hatujaacha kukosana. Lakini kiasi cha fedha huandikwa na mikono miwili, na mara nyingi mimi ndiye niombaye maneno yarudiwe.

Nisieleweke kwamba nawadharau wazee wangu. Methali yasema penye wazee haliharibiki neno, nao walikuja kwa mapenzi. Siku ya msiba watakuja tena, na yule mshauri hatakuja. Lakini wote walikuwa ndugu zangu, na mke wangu hakuwa na ndugu hata mmoja katika kikao kile. Hiyo ndiyo hekima ya sharti la waamuzi wawili, mmoja wa kila upande. Tulishika desturi, tukaacha haki iliyomo ndani yake. Mgeni alitufaa kwa sababu hakuwa wa mtu yeyote kati yetu.

Elimu nayo yatoa ushahidi wa namna hii. Mwaka 1942 Carl Rogers wa Marekani aliandika kwamba kazi ya mshauri si kutoa amri, bali ni kusikiliza mpaka mwenye shida ajielewe. Baadaye John Gottman na mwenzake Robert Levenson waliwatazama kwa miaka mingi mume na mke wakibishana, wakapima hata mapigo ya mioyo yao. Gottman alitaja alama nne za ndoa iliyo hatarini: kuilaumu nafsi ya mwenzio badala ya tendo lake, dharau, kujitetea daima, na kunyamaza kama ukuta. Iliyo mbaya kupita zote, alisema, ni dharau. Aliona pia kwamba mabishano mengi ya ndoa hayaishi kamwe, hata katika ndoa njema. Basi ndoa njema haipimwi kwa uchache wa mabishano. Yapimwa kwa heshima wanayobishania nayo.

Lakini upatanisho nao una mpaka. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Anayepigwa haambiwi arudie maneno ya anayempiga. Huyo ahitaji kinga, na Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani ilitungwa kwa ajili yake. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1985, huwasaidia wanawake wa namna hiyo kudai haki. Mzee, kasisi au mshauri amwambiaye avumilie fimbo ameigeuza subira kuwa kaburi.

Hapa ndipo zile methali mbili zinapopatana. Siri ni za aina mbili. Iko stara, na yako maficho. Stara humlinda mtu; maficho hulinda kosa. Ukitaka kuzitenganisha, jiulize swali moja: nikinyamaza, nani anapona? Kama anayepona ni mwenzangu na heshima yake, basi kunyamaza ni wema. Kama anayepona ni dhuluma, basi kunyamaza ni kushiriki katika dhuluma.

Nanyi vijana, msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wazima peke yao. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na wengi wenu mnajua uchungu wa kuwa nyasi. Ugomvi wa wazazi si kosa lenu, na kumwambia mtu mzima mwaminifu kwamba mnaumia si kuvunja adabu. Tena, zoezi lililonishinda mnaweza kulianza leo, darasani na bwenini: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia aliyosema mpaka akiri kwamba ndivyo. Ajifunzaye hilo akiwa kijana hatalipia ada akiwa mzee.

Ni kweli kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini mtungi ukivuja gizani, kata haiwezi kuonyesha ulipo ufa. Si aibu kuutoa mlangoni, penye mwanga.