Sharti, Si Ahadi

Katika ibada za shukrani siku hizi, hasa mgeni rasmi akiwa mwanasiasa au tajiri, mtaka cha mvunguni hakosi kutajwa mimbarani. Mhubiri huanza, washarika wakamalizia kwa sauti: "sharti ainame!" Kisha fundisho linafuata: nyenyekea kwa bosi wako, nyenyekea kwa mtumishi wa Mungu, shuka mwaka huu ili mwakani Bwana akupandishe. Watu wanapiga makofi. Mimi siwezi, maana hapo kiburi hakijaambiwa kife, kimeambiwa kisubiri.

Wazee hawakusema kwamba anayeinama atapata. Walisema anayetaka hana budi kuinama, basi. Unaweza kupiga magoti, shavu likakaribia sakafu, mkono ukapapasa vumbi na ndara zilizosahaulika, na bado usikiguse ulichokifuata. Tena aliye katika hali hiyo hamwoni anayemtazama, wala hajui kama anasifiwa. Na hamwinamii mtu. Anainama kwa kuwa kitu kiko chini. Wanaoitumia methali hii kuwafunza vijana kujikomba kwa wakubwa wanawaharibu.

Mfano wa Yesu katika Luka 14, wa mgeni aliyekaa nyuma arusini akaitwa mbele, nao hupindwa vivyo hivyo. Mtu akikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango huku macho hayambanduki mwenye karamu, moyoni amekwisha kukaa mbele. Sura hiyo hiyo inamwagiza mwenye karamu awaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hawana cha kumrudishia. Wahubiri wengi huishia kabla ya hapo. Na katika Yohana 13 Yesu anawaosha miguu wanafunzi wake, Yuda akiwa bado mezani. Yuda akatoka usiku ule ule kwenda kumsaliti, miguu yake ikiwa safi.

Tarehe 11 Aprili 2019, huko Vatikani, Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, alipiga magoti akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir na Riek Machar wakiwamo, akiwasihi wadumu katika amani. Serikali ya umoja iliundwa Februari 2020. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Wapo wanaosema mzee yule alijidhalilisha bure. Nawakatalia. Juu ya upapa alitaka kupandishwa wapi tena? Amani ya watu wa Juba na Malakal ilikuwa mikononi mwa wale waliokaa mbele yake, akaifuata hapo hapo, na wao wakabaki na uhuru wa kuitoa au kuinyima.

Wengi wetu hatuna marais wa kuwapigia magoti. Tuna mtoto tuliyemfokea mbele ya wenzake kwa kosa ambalo si lake. Mzee wa kanisa aliye tayari kuosha miguu ya washarika Alhamisi Kuu, kamera zikiwapo, anaweza kupita sebuleni siku nzima akikwepa macho ya mtoto huyo. Akae naye, amwambie, "Mwanangu, nilikuonea, nisamehe," asiongeze "lakini na wewe..." Na mtoto akitaka kununa hadi kesho, aachwe anune.