Mshairi Aliyehama na Lugha Yake

Mwaka 1944, jeshi la Kisovieti liliporejea Estonia, maelfu ya watu walikimbia, wengi kwa mashua, kuvuka Bahari ya Baltiki. Miongoni mwao alikuwemo Marie Under, mshairi mashuhuri wa miaka 61, pamoja na mumewe, Artur Adson, naye mshairi. Walifikia Sweden. Ugenini huko Marie aliendelea kutunga kwa Kiestonia. Alifariki Stockholm mwaka 1980, nchi yake ingali mikononi mwa Wasovieti. Uhuru ulirudi 1991.

Mtu huweza kunyang'anywa nyumba, shamba, hata nchi. Lugha aliyolelewa nayo huipoteza pale tu anapoitupa mwenyewe. Leo jioni, zungumza na wanao kwa lugha ya bibi yao.