Nenda Ukajionyeshe

Soma: Mambo ya Walawi 13:1-8, 2 Wafalme 5:1-14, 2 Wafalme 20:1-7, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, Luka 17:11-19.

Mzee mmoja wa kanisa katika wilaya ya Chamwino alianza kuota vinundu masikioni. Havikuwasha wala havikuuma. Baadaye vikatokea vingine usoni na kwenye viwiko. Kila nilipofika kijijini kwake kwa semina ya walimu wa Shule ya Sabato, alinivuta kando chini ya mbuyu, akanionyesha, akaniomba tuombe. Nami niliomba. Tulifanya hivyo kwa miaka miwili. Sikumwuliza hata mara moja kama alikwenda zahanati.

Naliandika jambo hili kwa sababu swali lililomo ndani yake linatugusa wengi. Je, mwamini anayetafuta kujua ugonjwa wake anapungukiwa na imani? Na yule asiyetaka kujua, je, ananyamaza kwa sababu anamtumaini Mungu, au ananyamaza kwa hofu aliyoivika joho la imani?

Mzee wetu alikuwa na sababu ya kuogopa. Sisi tuliokulia Dodoma tunajua jina la Hombolo. Huko, kaskazini-mashariki ya mji, wagonjwa wa ukoma walitunzwa kwa miaka mingi, nasi tulipokuwa watoto jina hilo peke yake lilitosha kututisha. Mtu aliyepelekwa huko tulimhesabu kama amekwisha kuondoka duniani. Basi mzee akaona ni afadhali vinundu visivyo na jina kuliko vinundu vyenye jina hilo. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema ni damu chafu. Na mimi, kwa kunyamaza kwangu, nilimwachia nafasi ya kubaki gizani.

Tuitazame Walawi 13. Mtu mwenye uvimbe, kikoko au alama ing'aayo katika ngozi yake hakuachwa aamue mwenyewe nyumbani, wala hakuachiwa majirani waamue. Aliletwa kwa kuhani, naye kuhani alitazama. Je, nywele za mahali pale zimegeuka kuwa nyeupe? Je, pameingia ndani kuliko ngozi? Kama hakuwa na hakika, alimtenga mtu huyo siku saba, akamtazama tena. Na kama bado, siku saba nyingine. Wako waliokutwa na ugonjwa. Lakini wako pia walioambiwa ya kwamba ni kikoko tu, wakafua nguo zao, wakarudi nyumbani wakiwa safi. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa ukoma katika sura hiyo lilihusu mambo mengi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Kwa hiyo ilihitajika subira kupambanua hiki na kile.

Angalia kwamba katika sura hii kutazama si kosa. Mungu mwenyewe aliagiza ngozi itazamwe kwa makini na mtu aliyefundishwa. Kama kutafuta kujua kungekuwa ni kutokuamini, je, Mungu angekuagiza?

Lakini mtu anaweza kuuliza: vipi kuhusu mfalme Asa? Alipougua miguu aliwatafuta waganga, na Maandiko yanamlaumu. Soma fungu hilo kwa uangalifu. Lawama haiko katika kwenda kwa waganga, bali katika kutomtafuta Bwana. Mlinganishe na Hezekia. Yeye aliomba kwa machozi, akaahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na dawa ikatumika. Ellen White naye, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alifundisha kwamba kutumia tiba alizotupatia Mungu si kuikana imani.

Basi iko tofauti kati ya kuhangaika na kujali. Anayehangaika hugusa vinundu vyake usiku kucha, huvihesabu, huvificha kwa kofia na mikono mirefu, na asubuhi hajui zaidi ya alivyojua jana. Anayejali humwambia Mungu, kisha huvaa viatu. Kuomba kwangu na mzee kulikuwa kwema, ila tulikufanya mahali pa kujificha.

Jioni moja mzee aliondoa sufuria motoni kwa mikono mitupu. Mjukuu wake ndiye aliyepiga kelele. Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Binti yule, mwenye miaka 11, akamwambia, “Babu, kesho twende hospitali.” Ilikuwa kama yule binti wa nyumbani kwa Naamani: mdogo wa nyumba alisema neno ambalo wakubwa walikuwa wamelimeza. Walikwenda. Mganga alimgusa kwa pamba mahali mbalimbali akiwa amefumba macho, akapapasa mishipa ya fahamu kwenye viwiko na shingoni, akakwangua kidogo ngozi ya sikio ili ipimwe kwa hadubini. Ulikuwa ukoma.

Jina lile alilolikimbia miaka miwili halikuwa kama alivyodhani. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Armauer Hansen, alikiona kijidudu kinacholeta ukoma. Hukua polepole sana, hata dalili zinaweza kuchukua miaka kuonekana. Hauambukizwi kwa kupeana mikono mlangoni pa kanisa, na watu wengi miili yao huushinda yenyewe. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya dawa za mchanganyiko, ambayo hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kadiri ya aina ya ugonjwa. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena, naye huishi nyumbani kwake. Nchini kwetu mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kila wilaya ina mratibu wake.

Mzee alimeza dawa miezi 12. Vinundu vilikwisha. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika dawa haikuirudisha, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki vimejikunja. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwalimu, siku nyingine ukimaliza kuomba, niulize nitaondoka saa ngapi.”

Vinundu vingi si ukoma. Vingine ni upele, vingine ni sugu, vingine ni vya kuumwa na wadudu, na vingine mganga wa kwanza hatavitambua, itabidi kurudi tena, kama aliyetazamwa siku saba na siku saba nyingine. Kungoja huko ni kugumu, lakini aliyekwisha kujionyesha hangoji peke yake.

Wale kumi wenye ukoma Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Waliondoka wakiwa bado wagonjwa, walitakasika njiani. Imani yao ilikuwa katika miguu yao. Na kabla ya hapo, katika Marko 1, Yesu alimgusa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa, kisha akamtuma naye kwa kuhani. Hakuona kwamba mguso wake unaondoa haja ya kuchunguzwa. Kanisa linalotaka watu wasifiche magonjwa yao lianze hapo: limpe mkono mgonjwa kwanza, kisha limsindikize.

Maswali ya Kujadili

1. Ni mambo gani katika kanisa lako yanayomfanya mtu aone afadhali kuficha ugonjwa kuliko kuuonyesha? Ninyi kama darasa mnaweza kubadili nini?

2. Linganisha Asa na Hezekia. Mtu anawezaje kujua kama anatumia maombi kumkaribia Mungu au kuukimbia ukweli?

3. Rafiki za Ayubu walidai kujua sababu ya majipu yake. Kuna tofauti gani kati ya kumsaidia mgonjwa kujua ugonjwa wake na kumtafutia kosa lake?

4. Je, yuko mtu uliyemwombea kwa muda mrefu bila kumwuliza swali lolote? Utamwuliza nini juma hili, na je, uko tayari kufuatana naye?