Deni la Bonde kwa Mlima

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wala hawakutaja ufa uzibwe na nani. Katika nyumba ya mtu mmoja swali hilo halina uzito, kwani mwenye ufa ndiye mwenye ukuta. Lakini ufa ukiwa mlimani, na ukuta utakaoanguka ukiwa bondeni, mwenye jembe huwa mmoja na mwenye hasara mwingine. Hapo methali hugeuka kuwa suala la haki.

Itazamwe milima ya Uluguru, inayouinamia mji wa Morogoro. Huko ndiko kwenye chemchemi za Mto Ruvu, unaoteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na ambao huinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ipatayo milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, kwa muda usiotimia saa tatu. Ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu waliochunguza makovu hayo waliona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Machache mno yalianzia msituni, kwa kuwa mizizi ya miti huzama chini kuliko tabaka lile lililoteleza. Mvua ilikuwa ya Mungu. Udongo kukosa wa kuushika yalikuwa matokeo ya mikono ya watu.

Serikali ya kikoloni iliiona hatari hiyo mapema. Kuanzia mwaka 1950 iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, na aliyekaidi alitozwa faini. Kuzuia mmomonyoko kulikuwa jambo jema, lakini aliyeamriwa hakuulizwa. Mahali pengi uchimbaji uliufukua udongo wa chini usio na rutuba ukaulaza juu, na mkulima akajikuta amelitolea jasho shamba lisilozaa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Kujua lililo sawa hakumpi mtu ruhusa ya kuushika mkono wa mwenzake na kuulimisha.

Zaidi ya nusu karne baadaye, matuta yalirejea Uluguru kwa njia nyingine. Chini ya mradi ulioanzishwa mwaka 2006 na mashirika ya CARE na WWF, wakulima wa Kibungo Juu waliingia mkataba wa kuchimba matuta na kupanda miti, nao wakalipwa. Miongoni mwa waliochangia malipo ni DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji Dar es Salaam wakati huo. Mteremko ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni neno lililolitangulia jembe.

Atatokea wa kuuliza: kwa nini mtu alipwe kwa kulitunza shamba lake mwenyewe? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Tuta humega sehemu ya shamba, hula siku za kazi, na mti uliopandwa leo haupikwi kesho. Faida yake kubwa huteremka na maji: mto usiobeba tope, daraja lisilozolewa, bomba lisilokauka. Anayefaidi bila kuchangia hana msingi wa kumwita mwenziwe mvivu.

Lugha yenyewe ina mtego hapa. Fedha za serikali zitolewazo kwa kazi kama hii huitwa ruzuku, na Waswahili husema Mungu humruzuku mja wake. Neno hilo humpandisha mtoaji kwenye cheo kisichokuwa chake. Mpokeaji huonekana mhitaji anayesubiri hisani, ilhali kwa mizani ya haki yeye ndiye mdai. Hazina inapotuma fedha Uluguru, bonde ndilo linalolipa lilichokwisha kunywa.

Tofauti hiyo ina athari zake. Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000 na unaofanya kazi pande zote mbili za Muungano, umewalipa wananchi maskini ujira kwa kazi za jamii, zikiwamo za kuhifadhi udongo. Ujira huo ni nafuu ya kweli kwa kaya yenye njaa. Lakini tuta lililozaliwa na ujira peke yake hufa ujira unapokatika. Wa kulilinda ni yule aliyeshauriwa. Na huko Uluguru, ardhi nyingi ni ya koo zinazohesabiwa upande wa mama, na aliyeazimwa shamba na ukoo hawezi kulipanda miti apendavyo. Mkataba usiofika kwa wenye ardhi ni wino mtupu.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo ni kulipia kisichoonekana. Katika mkoa huo huo wa Morogoro, Mto Mkondoa ulipoifurika Kilosa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, mahema yalifika na kila mtu akayaona. Tuta lililozuia mafuriko halina picha, kwa kuwa maafa yasiyotokea hayana mashahidi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania Bara ya mwaka 2022 inataja kuzuia na kupunguza madhara pamoja na kuokoa. Sheria yaweza kufungua mfuko. Haiwezi kuufundisha moyo kushukuru kwa msiba ambao haukuja.

Moyo huo ndio unaotakiwa kwa mnywaji wa maji ya Ruvu. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili lina siku yake: hulipwa kabla ya masika.