Taa ya Wengine

Asubuhi ile gari langu liliwaka vizuri. Injini haikutetemeka, mafuta hayakuisha haraka, joto lilikuwa mahali pake. Kilichobadilika ni taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la injini. Naishi Dallas, Texas, na zilibaki wiki tatu kabla ya ukaguzi wa kila mwaka wa hewa chafu. Taa hiyo ikiwaka siku ya ukaguzi, gari linafeli. Likifeli, usajili unakwama, na mimi bila gari sifiki kazini.

Nilianza na jambo rahisi: nikakaza kifuniko cha tanki. Taa haikuzima. Nikanunua skana ya bei nafuu, nikaichomeka chini ya usukani, ikanipa msimbo P0456: uvujaji mdogo sana kwenye mfumo wa mvuke wa petroli.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Zamani mvuke huo uliachwa uende zake. Miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba mvuke wa namna hiyo, ukikutana na moshi wa magari chini ya jua kali, huzaa ozoni inayochoma koo na mapafu. California ikaanza kudai mvuke uzuiwe kwenye magari ya 1970. Siku hizi hunaswa ndani ya kopo lenye mkaa maalumu, kisha valvu huufungulia ukachomwe kwenye injini. Kompyuta ya gari huujaribu mfumo huo mara kwa mara: huuziba, hupima shinikizo, huangalia kama litabadilika. Tundu la nusu milimita linatosha kuwasha taa.

Fundi wangu, Mkenya mwenye gereji ndogo, alicheka. "Bosi, hiyo taa haikusumbui wewe. Inasumbua serikali. Ifute na skana, endesha siku kadhaa, tanki likae limejaa."

Akanieleza. Ukifuta msimbo, vipimo vya kompyuta huanza upya, na kipimo cha mvuke mara nyingi ndicho cha mwisho kukamilika. Tanki likijaa sana, hakianzi kabisa. Na kwa magari ya 2001 na kuendelea, ukaguzi unaruhusu kipimo kimoja kiwe hakijakamilika.

Nilifuta. Nikapita. Sikujaza fomu yoyote ya uongo, wala hakuna aliyeniuliza swali nikamdanganya.

Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani sikutulia. Taa ya oili ikiwaka, nasimama palepale, maana injini yangu itakufa. Ya breki ikiwaka, siendi hata dukani. Hizo ni taa zangu, zinanitetea mimi. Hii ilikuwa inanipa habari za watu wengine, nami nikaipokea kama kero.

Nilijitetea. Mji huu una magari yasiyohesabika, na tundu langu ni la nusu milimita. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, ana mtoto mwenye pumu. Majira ya joto, ikitangazwa siku ya ozoni ya rangi ya chungwa, mtoto hushinda dirishani. "Leo hatoki inje, ndugu yangu," huniambia, "hewa ni mubaya." Siwezi kusema tundu langu ndilo lililombana kifua. Hakuna tundu la mtu mmoja linaloweza kushtakiwa kwa hilo. Lakini kila mwenye tundu akisema hivyo, mtoto atabaki ndani na hatapatikana aliyemfungia.

Kilichoniuma zaidi ni ile ruhusa ya kipimo kimoja. Ina maana kwa mtu aliyebadilisha betri juzi, ambaye gari lake halijapata muda wa kujipima. Ni ruhusa ya asiyejua. Mimi nilijua, nilichofanya ni kulifanya gari langu lisahau. Sheria iliacha nafasi kwa ajili ya shaka, nami nikaitumia kuficha uhakika.

Nikarudi gereji. Fundi alipuliza moshi mweupe kwenye mfumo, tukasubiri na tochi. Baada ya muda uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye mpira mmoja karibu na kopo la mkaa, uliopasuka kwenye kona.

"Si ulishapita?" aliuliza. "Cheti si unacho?"

"Ninacho."

Mpira wenyewe haukuwa ghali. Kazi ya kuufikia ndiyo ilikuwa ghali, na hela niliyolipa nilikuwa nimeitenga nimtumie mama, Morogoro. Hilo sijalimaliza moyoni hadi leo: nililipa deni la watu nisiowajua kwa hela ya mtu ninayemjua.

Mama alipopiga simu nilimwambia itachelewa, gari lilikuwa na tatizo.

"Pole, mwanangu. Lilikuwa limekufa?"

"Hapana, mama. Lilikuwa linatembea vizuri."

Akanyamaza kidogo. "Sasa ulikuwa unatengeneza nini?"

Nikaanza kumsimulia habari za mtoto wa jirani.